Fagia Kuelekea Mtini

Sharifa, anayeendesha kitalu cha miche cha marehemu mama yake pale Boko, amechoka na sauti zangu. Kila kijana wake akiniuliza jambo kwenye simu, kwa nini pilipili inadondosha maua, kwa nini mchaichai umekauka katikati, namrekodia maelezo, na maelezo yangu huanzia Boko, yakapitia Segerea, ndipo yafike kwenye pilipili. Juzi aliniambia, kwa adabu lakini bila kutabasamu, "Kaka Iddi, andika. Mtu akiandika anafupisha." Basi nimeandika. Kama sikufupisha, mlaumuni yeye.

Nimestaafu. Watu wakisikia hivyo wananitazama kichwani kutafuta mvi, maana hamsini sijafika, na kazi ya kutunza bustani za watu haina barua ya kustaafu wala sherehe ya kuagana. Kilichostaafu hasa ni goti la kulia. Daktari amenikataza kuchuchumaa, na mie sijui bustani inayotunzwa kwa kusimama wima. Nimegawa vifaa vyangu kwa vijana wawili wa kitaluni, nimebaki na mkasi wa kupogolea, ambao naona haya kueleza kwa nini sikuutoa. Ni mkasi tu, na mpini wake umeshashika umbo la kiganja changu.

Kazi niliianzia hapo hapo Boko. Nilitoka Kondoa baada ya kidato cha nne, nikafikia kwa mjomba Tegeta, na mjomba baada ya muda akaanza kuniuliza kila jioni kama nimepata chochote. Kando ya barabara ya Bagamoyo kulikuwa na kitalu cha mwanamke mmoja Mzaramo, Mama Sharifa, mnene, mwenye sauti ya kumfikia mtu upande wa pili wa barabara bila kupaza. Nikamwomba kazi. Akasema njoo kesho alfajiri nikuone.

Siku ya kwanza nilifika kabla yake. Nikakuta fagio la chelewa limeegemezwa ukutani, nikataka aone kwamba nimelelewa. Nikafagia kitalu chote, na nikakazana zaidi chini ya ile miti mikubwa nyuma, mistafeli na michungwa aliyokuwa akichukua vikonyo vya kuunganishia miche. Majani makavu yote nikayazoa, nikayarundika getini. Ardhi ikabaki nyeupe, na mistari ya fagio imelala sambamba. Mama Sharifa akaja na kikombe chake cha chai, akasimama, akatazama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikasema hakuna aliyekufa, mama.

"Mbona umefagia kama tunasubiri watu wa msiba? Rudisha."

Sikuelewa nirudishe nini. Akanionyesha rundo la getini kwa kidevu. Yale majani, akasema, ndiyo chakula cha miti ile, na mie nimewanyang'anya watu sahani wakiwa katikati ya kula. Nikayabeba kwa mikono, mkumbo baada ya mkumbo, nikayatandaza tena chini ya miti, huku akinywa chai na kunielekeza palipobaki wazi. Kazi nilipata. Jina la kwanza alilonipa lilikuwa Mwosha Maiti, na lilidumu mpaka masika.

Mama Sharifa hakufundisha kwa mihadhara. Alikuwa anakuuliza swali la kukuudhi, kisha anakuacha nalo. Aliniuliza kama kwetu bara tunamwagilia au tunaomba dua tu, na nilipokasirika akanipeleka kwa mteja mmoja jirani, ambaye michungwa yake ilikuwa inaungua kingo za majani kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Mwenye nyumba alikuwa anaongeza maji kila siku, na kila siku hali inazidi. Mama Sharifa akafungua bomba la kisima, akakinga kiganja, akaniambia, "Onja." Nikaonja. Yalikuwa na chumvi, kidogo tu, ya kumpita mtu anayeoga lakini si mti unaoyanywa kila siku. Maji hupanda juani yakaenda zake, chumvi hubaki, na ukitazama vizuri utaiona imeganda nyeupe juu ya udongo. Tangu hapo sijaanza kazi kwenye nyumba yoyote bila kuomba maji ya kunywa. Wenye nyumba wanadhani nina kiu. Nimekunywa maji ya nyumba nyingi za mji huu kuliko karani wa sensa.

Vijana, fanyeni hivyo. Kama kisima kina chumvi, msianze kupigana nacho kwa mbolea. Kingeni maji ya mvua kwa ajili ya michungwa, mindimu na miche michanga. Ikibidi kutumia ya kisima, mwagilieni mengi kwa mara moja halafu mpumzike, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, kuliko kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Na mshaurini mwenye nyumba apande vinavyostahimili: mnazi, komamanga, bogonvilia. Bogonvilia ukiiudhi ndipo inatoa maua. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Kuhusu vifaa sina mengi. Jembe dogo la mkono, reki, keni ya kumwagilia yenye kichwa kizima, na huo mkasi. Mkasi ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Mkasi unaotoka kwenye mti mgonjwa kwenda kwenye mzima ni kama sindano ya kuazimana. Kifaa cha kupimia unyevu ni kidole: kiingize kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo umekishika, ondoka, usimwagilie. Nimeona miche mingi imekufa kwa maji kuliko kwa kiu.

Hilo la mwisho nilifundishwa Kinondoni, kwa Bi Rukaiya. Familia yake ni ya Kihindi, Waislamu wa madhehebu ya Shia, wafanyabiashara wa vitambaa tangu enzi za babu, nyumba imejaa watu wa vizazi vitatu. Bustani yao ilikuwa roshani, na kwenye roshani kulikuwa na mti mmoja kwenye chungu kikubwa, wa yale majani yanayonukia wanayokaangia dengu. Mche wake ulitoka kwa mama yake. Nikaukuta unapukutika. Bi Rukaiya akaniuliza unakufa kwa nini, wakati nyumba nzima inaupenda.

"Ndiyo sababu, Bi Rukaiya," nikamwambia.

Nilikaa asubuhi ile nikiwahesabia. Yeye alimwagilia baada ya swala. Mkwe mmoja akamwagilia alipoanika nguo. Mkwe mwingine akamwaga maji yaliyobaki kwenye jagi. Wajukuu wakaja na vikombe kabla ya shule. Kila mmoja mara moja tu, kwa mapenzi. Tukatoa kile kisahani cha chini ya chungu kilichokuwa kinatuamisha maji, kisha Bi Rukaiya akatoa kauri kubwa ya baharini kabatini. Anayemwagilia anaiweka kauri juu ya udongo. Ukiikuta kauri, pita. Ukikuta imeondolewa, ujue Bi Rukaiya ameingiza kidole na ameridhika kwamba ni zamu. Mti ukapona. Nilipopita tena baada ya muda mrefu, watoto walikuwa wanagombania nani aweke kauri.

Sikukaa sana kwa mtu yeyote. Sijui nimeumbwaje, nikifika mwaka wa pili mahali, nyayo zinaanza kuwasha. Nimekata ua wa michongoma Segerea, nimeotesha mchicha na matembele kwenye viroba Mbagala, nimepanda minazi mifupi Kigamboni. Watu hukumbuka mitaa kwa maduka na misikiti, mie naikumbuka kwa mimea. Huwa narudi. Nikiwa na siku tupu natembea mpaka nyumba niliyoiacha miaka kadhaa nyuma, nachungulia juu ya ukuta kuona kile nilichopanda kimefika wapi. Si desturi nzuri. Mlinzi mmoja wa Segerea alinifuata na rungu, nikamwambia nimekuja kuangalia msonobari, akasema wezi wa siku hizi wana maneno. Na katika kutangatanga huko kote sikuwahi kupanda kitu changu mwenyewe. Mpangaji wa chumba anapanda nini, na wapi?

Sasa mndimu.

Bi Mwanahawa anakaa Temeke, kwenye nyumba aliyojenga marehemu mumewe, chumba kimoja kimoja. Ni mwenyeji wa hapa. Babu zake walikuwepo kabla mji haujawafikia. Dada yake wa Mbagala ndiye aliyemwambia kuna fundi wa miti anayeanza kazi kwa kuomba maji. Nikafika mwezi wa Januari, jua limekaza. Nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akaniletea maji kabla sijaomba, glasi imefunikwa kisahani. Nikaonja. Matamu, ya bomba. Kwa hiyo si chumvi, nikajua kazi haitakuwa nyepesi.

Uwanja wake ulikuwa msafi kuliko vyumba vingi nilivyopanga. Hakuna jani, hakuna kijiti, mistari ya fagio la chelewa imepangana kama kichwa kilichosukwa vizuri. Na katikati umesimama mndimu, nusu yake fimbo tupu, nusu majani machache ya njano. Mizizi ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mtu aliyekonda.

Mwanawe Hamza akatoka ndani akivaa viatu. Anatoa magari ya watu bandarini, ni kijana mwenye heshima na haraka. Akanieleza mambo yalivyo. Baada ya masika anaoa. Harusi itakuwa hapo hapo nyumbani, na kabla ya harusi anataka uwanja wote uwekwe vitofali vya pevingi, watu wakae vizuri, viti visizame, masufuria ya pilau yasimame sawa. Fundi wa pevingi ameshapima. Mti uko katikati kabisa ya vipimo.

"Braza, sema ukweli tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Huu umekufa. Usimpe bi mkubwa matumaini."

Nikakwangua gome la tawi kwa ukucha. Chini yake pakatokea mstari wa kijani. Nikamwambia haujakufa, una njaa. Akacheka, akaniuliza una njaa ya nini mti unaomwagiliwa kila asubuhi, akaondoka.

Bi Mwanahawa alipobaki na mie akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaanza kupepeta mchele ambao naona ulikuwa umeshapepetwa.

"Marehemu hakuwa na maneno," akasema. "Miaka yote ile, mara moja tu aliniambia nimepika vizuri. Ilikuwa samaki wa kukaanga. Akamaliza, akachukua mbegu ya ile ndimu aliyokamulia, akatoka nayo, akaifukia pale. Basi. Hakuwahi kurudia kusema. Lakini kila nikichuma ndimu nilikuwa naona kama ananiambia."

Nikainamisha kichwa. Nikaomba nikae kidogo nifikiri. Nikakaa kando yake kwenye ngazi, na ngazi ndiyo ikanifumbua macho. Zilikuwa tatu, ya chini ni ya saruji mpya mpya. Nikamuuliza kama nyumba ilijengwa hivyo. Akasema hapana, zamani zilikuwa mbili. "Siku hizi nyumba imekuwa ndefu," akasema, "au mie nimekuwa mfupi."

Nikasimama, nikaenda ukutani. Chini ya lipu mawe ya msingi yalikuwa wazi, na juu yake ulionekana mstari wa udongo wa zamani, mahali ardhi ilipoishia nyumba ilipokuwa mpya. Ukipima kwa kiganja kutoka chini, mstari ulikuwa juu kwa kiganja na nusu. Nyumba haikuwa imerefuka. Uwanja ndio ulioshuka. Tangu Bi Mwanahawa aletwe pale bibi harusi, alikuwa anafagia kila siku asubuhi, na kila fagio lilichukua majani pamoja na chembe ya udongo, likavipeleka getini, mkokoteni wa taka ukavizoa. Chembe kwa chembe, alikuwa ameutoa mndimu ardhini. Alichokuwa anamwagilia ni mizizi iliyobaki uchi.

Vijana, mti ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni mtu. Kumwambia mwanamke aliyeheshimika mtaa mzima kwa usafi wake kwamba fagio lake ndilo limekula mti wa mumewe, hilo halifundishwi kwenye kitalu chochote. Nikatafuta maneno mazuri, nikayakosa, nikamwambia kama lilivyo, kwa upole niliokuwa nao. Alisimamisha ungo.

"Kwa hiyo unataka niache majani uwanjani."

"Chini ya mti tu, mama."

"Majirani wakipita watasema nimefia ndani."

Akanieleza kwamba alipoolewa mama mkwe alimfundisha kufagia kabla hajamwonyesha vyungu vilipo. Kwamba majani yanaleta jongoo, yanaleta nyoka, yanaleta maneno. Nyumba isiyofagiwa haina mwanamke. Alisema yote hayo bila hasira, kama mtu anayenisomea sheria za nchi. Mwisho akakubali kimoja: nilete udongo. Kuhusu majani, tutaona.

Jioni Hamza akarudi, tukakubaliana. Mti uachwe mpaka masika. Mvua zikishika na haujachipua, nitaukata mwenyewe kwa panga langu, na fundi wa pevingi aendelee. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Uhakika wenyewe sikuwa nao.

Nikaleta udongo na mboji kwa toroli, kwenye uchochoro ambao toroli lilipita likikwaruza kuta zote mbili. Hapa mnisikilize: mizizi iliyokaa wazi haifukiwi yote kwa siku moja, inakosa hewa. Tandaza safu nyembamba, subiri, ongeza nyingine. Usichimbue karibu na shina. Acha nafasi ya kiganja kati ya mboji na gome, gome likilala na unyevu linaoza. Nikakata matawi makavu mpaka kwenye uhai, nikatandaza majani juu, nikaaga.

Juma lililofuata nikakuta uwanja unang'aa. Majani hakuna. Na juu ya udongo wangu, mistari ya fagio. Bi Mwanahawa akatazama pembeni, akasema mkono umezoea. Nikatandaza upya. Juma la pili, vile vile, na mboji imepungua. Hamza akanikuta nimeinama na reki, akasema, "Fundi, unashindana na fagio, na mie nimezaliwa nimelikuta." Nje ya geti vilikuwa vimeshashushwa vitofali vya pevingi, vimepangwa mrundo mrefu kama kiunzi cha jengo. Siku ile niliondoka nimeshalinoa panga langu akilini.

Juma la tatu nilichelewa kufika. Nikapita kwenye mrundo wa vitofali, nikaingia, nikasimama pale getini.

Uwanja ulikuwa umefagiwa kama kawaida, lakini mistari ya fagio ilikuwa imegeuka. Haikutoka mtini kwenda getini. Ilianzia getini, ilianzia ukutani, ilianzia mlango wa jikoni, yote ikielekea katikati, kama miale ya jua iliyochorwa na mtoto. Na katikati, kuzunguka mndimu, majani yote ya uwanja yalikuwa yamekusanywa kwenye duara lililowekewa mpaka wa chupa za soda, zimefukiwa vichwa chini, matako juu, zimepangwa kwa kamba. Zilikuwa chupa za kijani na nyeupe, zikipokezana moja moja, bila kukosea.

Bi Mwanahawa alikuwa kwenye ngazi yake, ananisubiri nione.

"Nafagia vile vile," akasema. "Nimegeuza njia tu."

Nikamuuliza majirani wamesemaje. Akasema mmoja ameshakuja kuuliza chupa anazipata wapi. "Uchafu ukiwa na mpaka, mwanangu, si uchafu tena."

Nilimhadithia Mama Sharifa habari hiyo, wakati ule angali hai. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanga. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema kabla: kwamba alikosea. Miaka yote alikuwa anawaambia watu waache kufagia, na hakuna aliyeacha. Kilichotakiwa ni kuwaambia wafagie kuelekea wapi. Kama mtasahau mengine yote humu, shikeni hilo. Mkono wa mwenye nyumba haushindwi, unageuzwa.

Ule mndimu sasa ukawa unalishwa kila asubuhi na mtu asiyeruka siku. Bi Mwanahawa akaongeza ya kwake: maji ya kuoshea mchele, majivu kidogo ya jikoni, maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa. Akajaribu na maji ya kuoshea samaki, paka wa mtaa mzima wakahamia, akaacha.

Masika yakaingia. Mvua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mti kimya. Hamza hakunisumbua, na hilo lilinisumbua zaidi. Vitofali vililowa, vikakauka, vikalowa tena. Nilikuwa Kimbiji kwa mteja, natafuta mtandao kwenye kichuguu, simu ikaita.

"Fundi, huu mti una vitu."

"Vitu gani?"

"Mie sijui majina ya vitu vyenu. Vidogo, vya kijani, viko kila mahali. Bi mkubwa amekaa chini anauangalia, hataki kupika. Njoo."

Nilifika kesho yake. Kila tawi nililolikata lilikuwa limetoa vichipukizi laini. Bi Mwanahawa alinishika mkono, akaubana, akaingia ndani kupika. Tukala samaki wa kukaanga. Ndimu yake ilitoka sokoni, na hata za harusi zilitoka sokoni, maana mti uliokoswakoswa na kifo hauzai kwa ratiba ya harusi. Lakini ulisimama katikati ya wageni ukiwa na majani. Fundi wa pevingi alilalamika kwamba duara linamharibia mistari, Hamza akamwambia apinde. Akapinda. Bibi harusi alipiga picha hapo.

Baada ya hapo nyayo zikawasha, nikaenda zangu. Nilipita mara moja moja kuchungulia, wala mlinzi hakuwepo wa kunifukuza.

Mwezi uliopita, goti liliponishinda, nilifanya ziara ya kuaga. Kwa Bi Rukaiya, kaburini kwa Mama Sharifa, na mwisho Temeke. Nilitaka kuwaambia asante watu walionipa maji. Bi Mwanahawa siku hizi hatoki sana, anakaa kitini mlangoni na kanga miguuni, macho bado makali. Anayefagia ni Hamza. Nilimkuta na kaptura na fagio la chelewa, kitambi kimeanza, anafagia pevingi kutoka getini kwenda katikati, polepole, kama alivyofundishwa. Mndimu umefunika nusu ya uwanja. Ulikuwa na ndimu za kila umri, na maua, na maji moto, wale siafu wekundu wa mitini, wanapanda na kushuka wakiulinda. Msiwaue hao, wanakula wadudu wabaya.

Nikasogea nishike shina.

"Fundi, usikanyage," Hamza akasema, akanizuia kwa mpini wa fagio. "Kuna watoto hapo."

Nikatazama chini. Katikati ya majani makavu, ndani ya mpaka wa chupa, ilikuwa imeota miche ya ndimu, mingi, na majani yake mawili mawili. Ndimu zilizoanguka zilikuwa zimeoza pale pale na kuota pale pale. Zamani fagio lingeipeleka getini kabla haijafungua macho.

Bi Mwanahawa akaniambia niingie jikoni, nyuma ya mlango, kuna changu. Ulikuwa mche mmoja, umeshapandwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, limetobolewa matundu chini, mche wenyewe urefu wa shubiri. Akasema amesikia nimepata kiwanja Kimbiji. Akasema mtu hawezi kuhangaika na miti ya watu mpaka goti liishe halafu akalale pasipo na mti.

Nikasema asante. Nikarudia tena, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri.

Niliupakata safari yote, nikavuka nao kivuko, nikaulinda na vumbi la ile barabara mbaya. Nilipofika Kimbiji, kabla sijautua chini, nilikwenda kwa jirani mwenye kisima nikamwomba maji. Akaniletea kata iliyojaa, akanipa pole ya safari, akadhani nina kiu. Nikaonja. Hayakuwa na chumvi.